Skrini ya Boti Ikizima, Pima Waya Kwanza

Unazungusha ufunguo, mashine inawaka, lakini skrini ya dashibodi imebaki nyeusi tii. Hakuna ramani, hakuna kina cha maji, hakuna geji ya mafuta wala ya mzunguko wa injini. Kwa mwenye boti ya fibre ya kuvua kwa starehe au kutembeza wageni, iwe Msasani, Kendwa, Mtwapa au Watamu, kinachofuata mara nyingi ni simu kwa muuzaji wa vifaa: skrini imekufa, nyingine bei gani?

Simu hiyo ndiyo ninayokuomba uicheleweshe. Skrini za Garmin, Raymarine, Lowrance au Simrad zinatengenezwa zikiwa zimezibwa dhidi ya maji. Vinavyoliwa na chumvi usiku na mchana ni vitu vilivyo nyuma yake: waya, fyuzi, soketi, swichi na vifundo vya nyaya vilivyokazwa na mtu usiyemjua, mwaka usioukumbuka. Skrini huweza kufa, sikatai. Lakini iwe ya mwisho kushukiwa, kwa sababu ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo iliyolindwa kuliko vyote.

Kama hilo limekukuta ukiwa baharini, usianze kufungua dashibodi. Mashine ya nje haihitaji skrini ili ifanye kazi. Geuka nyuma utazame kile kijimkondo cha maji ya kupoozea kinachochuruzika kutoka kwenye mashine. Kikitoka kwa nguvu yake ya kawaida na king'ora cha joto kimenyamaza, una mashine ya kukurudisha nyumbani. Usiizime ovyo: kama chanzo cha tatizo ni betri iliyokwisha, huenda isiwake tena, na mashine ya farasi 115 si ya kuvutwa kwa kamba kirahisi kama ile ya farasi 15. Wala usiguse swichi kuu ya betri mashine ikiwa inazunguka. Ukiikata, umeme unaozalishwa na mashine unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu, na unaweza kuunguza rektifaya pamoja na vile vifaa vilivyokuwa bado vizima.

Mafuta yakadirie kwa saa ulizotembea na kwa kufungua tangi ulitazame, kama tangi lako linaruhusu. Njia ifuate kwa dira, kwa alama za nchi kavu unazozijua, na kwa simu yenye ramani uliyoipakua mapema. Wajulishe walio pwani, kwa redio ya VHF au kwa simu, kwamba unarudi bila kipima kina. Na kama mlango wa kuingilia una miamba na maji yamekupwa, kaa nje usubiri yajae. Abiria watanung'unika; waache wanung'unike.

Ukishafunga gati, kazi inaanza, na inaanza na jambo la kuchekesha: vua miwani. Miwani ya jua ya polaraidi, ile inayopendwa na wavuvi kwa sababu inakata mng'ao wa maji, inaweza kuifanya skrini nzima kabisa ionekane nyeusi ukiitazama kwa pembe fulani. Halafu kumbuka kama jana ulirudi usiku ukapunguza mwanga. Jua la saa sita linaimeza skrini iliyoshushwa hadi chini. Iwekee kivuli, kisha imulike kwa tochi kwa ubavu. Ukiona picha hafifu, au ukisikia mlio unapobonyeza vitufe, skrini iko hai na kilichoharibika ni taa yake ya nyuma au ni mpangilio wa mwanga. Hilo ni tatizo jingine, na halihusu mengi ya yanayofuata hapa.

Kama ni giza kweli, usishike bisibisi bado. Washa kila kitu kingine kwenye dashibodi: honi, taa za kuongozea, redio, pampu ya kutoa maji ya ngama. Vyote vikiwa kimya, tatizo liko mbali na skrini: betri, swichi kuu, fyuzi kuu, au waya mnene unaopanda kwenye dashibodi. Nusu vikifanya kazi na nusu visifanye, tafuta kitu ambacho ile nusu iliyokufa inakitumia kwa pamoja. Ikiwa ni skrini peke yake, una fyuzi yake, waya wake na plagi yake ya kuchunguza. Ukaguzi huu hauhitaji kifaa chochote, na fundi anayeuruka huishia kufungua paneli tatu kutafuta kosa lililo kwenye ya nne.

Betri nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua. Betri ya risasi ya volti 12 iliyochajiwa ikajaa, kisha ikapumzika saa kadhaa, husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikifika 11.8 ihesabu imekwisha. Mashine ikizunguka ipasavyo utarajie kuona 13.8 hadi 14.4, ikibaki 12 na pointi, haichaji. Pima kwanza kwa kugusa nguzo zenyewe za risasi, kisha gusa vibanio vilivyozishika, huku kitu kimewashwa. Namba mbili hizo zikitofautiana, uchafu uko katikati ya nguzo na kibanio, na huhitaji kutafuta mbali zaidi: fungua, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza. Zile nati zenye masikio zinazokazwa kwa vidole ni rahisi kufunga na ni rahisi vilevile kulegea kwa mtikisiko. Weka nati za kawaida na spana.

Iko pia skrini inayozima kila unapopiga starta, kisha inarudi yenyewe au inasubiri uibonyeze. Hiyo haijaugua. Starta inavuta umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaporomoka hadi 10 au chini yake, na skrini inajizima. Betri dhaifu au vibanio vilivyolegea huzidisha hali hiyo. Dawa ya kudumu ni betri mbili, moja ya starta na nyingine ya vifaa. Dawa ya leo ni kuwasha mashine kwanza na skrini baadaye.

Kabla hujaanza kufungua na kuunganisha nyaya, tahadhari moja isiyo na mjadala. Boti ya petroli yenye chumba cha injini kilichofunikwa, au tangi chini ya sakafu, ifungue ipate hewa, uinuse, na uendeshe feni ya kutolea mvuke kama ipo. Cheche moja ya betri kwenye mvuke wa petroli inatosha kuchoma boti. Unapofungua betri, anza na waya wa hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho.

Fyuzi ziko mahali pengi kuliko watu wanavyodhani. Ipo kwenye paneli ya dashibodi, ambayo kila mtu huiangalia. Mara nyingi ipo nyingine ndani ya kikasha kidogo cha plastiki kwenye waya wenyewe wa skrini, imefichwa nyuma ya usukani na kufungwa pamoja na nyaya nyingine. Na inaweza kuwapo ya tatu karibu na betri. Usiiamini fyuzi kwa macho. Ya bapa inaweza kuwa na ufa usioonekana, na ya kioo inaweza kuwa nzima katikati huku vifuniko vyake vya mwisho vimeota kutu. Weka mita kwenye volti, washa swichi, gusa upande mmoja wa fyuzi na kisha upande wa pili. Umeme ukiwa huku na usiwe kule, umempata mwizi.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiongeze ukubwa wake, na zile karatasi za fedha za pakiti ya sigara ziishie kwenye sigara. Fyuzi hupimwa kulingana na waya inaoulinda. Ukiweka ya ampia 20 mahali pa ampia 3, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe, ndani ya boti ya fibre, ukiwa maili kadhaa kutoka nchi kavu. Chomoa plagi ya skrini, weka fyuzi ya ukubwa uleule. Ikidumu, kosa liko kwenye skrini au waya wake mfupi. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka njiani. Anza kutazama pale waya unapopita kwenye tundu lenye kingo kali.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hupotea, tena wenye mita nzuri mkononi. Fundi anachomoa plagi nyuma ya skrini, anapima, anaona volti 12.5, anatangaza: umeme unafika, skrini imekufa. Vipimo vyake ni vya kweli na hukumu yake si sahihi. Mita ya dijitali haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo inaweza kusoma volti kamili kupitia uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya nyuzi kumi na tisa, au kupitia utando wa kutu ya kijani. Ni sawa na bomba lililoziba: koki ikiwa imefungwa presha inaonekana kamili, ukiifungua yanatoka matone. Skrini inapojaribu kuwaka inahitaji ampia moja au mbili, na kwenye ule uzi mmoja volti zinaanguka hadi isiweze kuamka.

Kwa hiyo pima huku umeme unatumika. Kama plagi haikupi nafasi ya kuingiza ncha za mita ikiwa imechomekwa, chukua balbu ya taa ya kona ya gari, ya volti 12 na wati 21, iunganishe nyaya mbili fupi. Inavuta karibu ampia 1.75, kiasi kinachokaribia mahitaji ya skrini ya wastani. Iunganishe kwenye pini za chanya na hasi za plagi ya skrini, huku skrini yenyewe imechomolewa. Ikiwaka kwa nguvu sawasawa na inavyowaka moja kwa moja kwenye betri, njia ni safi. Ikiwaka kwa unyonge, au isiwake kabisa ilhali mita ilisema 12.5, umelipata tatizo na hujalipa senti.

Linalobaki ni kujua limekaa upande gani wa njia. Acha balbu iwake. Chukua waya mrefu, ufunge ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha ya pili uiunganishe na mguu mweusi wa mita. Mguu mwekundu uguse pini ya hasi ya plagi, pale balbu ilipoungwa. Mita ikisoma 0.1, upande wa hasi ni mzima. Ikisoma 1.3, volti hizo zote zinapotea kati ya plagi na betri. Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua: gusa kifundo kinachofuata, kisha ile baa ya shaba inayokusanya nyaya nyeusi zote nyuma ya dashibodi, kisha waya mnene unaotoka kwenye baa. Namba itakaposhuka ghafla kutoka 1.3 hadi 0.1, kosa liko kati ya mahali ulipogusa mwisho na pale ulipogusa kabla yake. Fanya vilevile upande wa chanya, ukianzia nguzo ya chanya. ABYC, baraza la Marekani linaloweka kanuni za boti na yoti, linataka upotevu kwenye nyaya za vifaa vya elektroniki usizidi asilimia 3, kwenda na kurudi. Kwa volti 12 hiyo ni 0.36. Zaidi ya hapo, tengeneza.

Mimi huishuku hasi kwanza. Kila mtu hufuatilia waya mwekundu kwa sababu ndio wenye fyuzi na swichi, na ile baa ya hasi inasahaulika gizani, skrubu zake zikilegea taratibu kwa kila wimbi boti inalolipiga.

Ukilipata eneo, ubandue mpira wa waya sentimita chache. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, kata urudi nyuma hadi ukute inayong'aa. Chumvi husafiri ndani ya waya, chini ya mpira, mbali kuliko unavyoona kwa nje. Waya mpya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, ule wa boti. Ule mgumu wa uzi mmoja wa kuwekea taa za nyumbani haustahimili mtikisiko, unakatika. Unganisha kwa kifundo cha kubana kwa koleo lake, chenye mpira unaosinyaa kwa joto na gundi ndani. Kulehemu pekee sikupendi baharini, kwa sababu risasi inaufanya waya kuwa mkavu pale inapoishia, na hapo ndipo utakapokatika. Tepu nyeusi ni mbaya zaidi: inaficha kosa na kufuga unyevu.

Neno kuhusu rangi za nyaya, maana zimeunguza vifaa vya watu. Kwenye boti zilizofungwa nyaya kwa kanuni za Marekani, zambarau ni waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, na hasi ni nyeusi au njano. Kwenye mashine za Yamaha, njano ni waya wa chanya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa. Boti ya Kimarekani iliyofungwa Yamaha inaweza basi kuwa na nyaya mbili za njano nyuma ya dashibodi ileile, moja chanya na moja hasi. Pima kila waya kabla hujauunga na mwenzake. Na kama skrini yako ni ya aina inayoamshwa na ufunguo, pima pia ule waya wa kuamshia: ukikosa umeme ilhali waya mkuu unao, shuku swichi ya ufunguo, ambayo nayo hunywa maji ya chumvi miaka yote.

Geji za kidijitali zinazounganishwa kwa mtandao wa NMEA 2000 zina ugonjwa wao. Nyingi hazina waya wa umeme wa peke yake. Zinakula kutoka kwenye mtandao wenyewe, na mtandao una fyuzi yake. Ikiungua hiyo, geji kadhaa zinazima kwa pamoja wakati skrini kubwa yenye waya wake inaendelea kuwaka, ila inaonyesha vistari mahali pa namba. Zima umeme wa mtandao, upime ukinzani kati ya pini ya waya mweupe na ya waya wa buluu. Jibu liwe ohmu 60 hivi, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizibo cha ohmu 120. Ukisoma 120, kizibo kimoja kimetoka au kimekufa. Ukisoma 40, mtu ameongeza cha tatu akidhani anasaidia. Kama namba ni nzuri na bado kuna giza, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Kimoja kibovu kinaweza kuunyamazisha mtandao mzima.

Sasa, na ni sasa tu, ishughulikie skrini. Itoe, ichukue pamoja na waya wake wa umeme, na uiunganishe moja kwa moja kwenye betri iliyojaa, ukiweka fyuzi ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu chake na ukihakikisha mara mbili kwamba chanya ni chanya. Ikiwaka, irudishe na uendelee kuutafuta ugonjwa ndani ya boti. Isipowaka, toa kadi ya kumbukumbu ya ramani, kwa kuwa kadi mbovu inaweza kuizuia isiamke, kisha jaribu kuianzisha upya kwa vitufe kama kitabu kinavyoelekeza. Tazama pini zake: iliyopinda au iliyoliwa inatosha kuwa sababu. Ukungu unaobaki nyuma ya kioo siku nzima juani unaonyesha kwamba maji yameingia. Ikishindwa yote hayo, imekufa, na unaweza kupiga ile simu ya dukani bila kinyongo.

Boti zinapopandishwa juu miezi ya masika na kusi kali, chomoa skrini uihifadhi ndani ya nyumba, chaji betri kila baada ya wiki chache, na fungua paneli ya dashibodi ipate hewa. Ukiosha, tumia maji baridi yasiyo na presha. Ile mipira ya kuzuia maji haikutengenezwa kwa mashine ya kuoshea magari. Ndani ya boti weka fyuzi za akiba za kila ukubwa unaotumika, mita ya bei nafuu, waya mrefu na ile balbu ya wati 21.

Na kama umemwita fundi, akatazama kidogo akakuambia skrini imekufa, muulize swali moja: kwenye plagi umepata volti ngapi, huku kuna kitu kinachovuta umeme? Akikutajia namba, mwamini. Akikosa jibu, usimlipe bado.